Kisanduku cha Tisa

Mimi ndiye niliyeiona fomu.
Si mwalimu mkuu, si bodi, wala si mchungaji Noske
ambaye siku ile alikuwa Adelaide aking'olewa jino.
Mimi, Irmgard, karani,
miaka kumi na tisa kwenye dawati lile lile
linalotazama mizabibu. Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio,
matawi yamepogolewa, visiki vyeusi safu kwa safu
kama aya iliyofutwa.

Kisanduku cha tisa: mtu wa kuarifiwa ikitokea dharura.
Jina: Romola Vance.
Uhusiano: na hapo Thekla Nitschke,
mwalimu wetu wa tarumbeta, mwaka wake wa kumi na moja,
aliandika kwa wino, bila kukwaruza,
neno fupi tu: mke.

Ningeweza kuifungia kabatini.
Kabati lile limemeza makubwa kuliko hilo.
Niliipeleka mbele. Utaratibu, nilisema.
Utaratibu ni shuka jeupe:
hutandikwa kitandani, hufunikiwa maiti.

Barua niliichapa mwenyewe.
Kwa kuwa mwenendo wako haupatani na imani ya shule.
Nikarudia kusahihisha mikato,
maana sipendi barua ya shule itoke na makosa.

Mbele ya baraza, wakili wake, kijana, koti limembana,
aliuliza: mwalimu wa hesabu ameachika mara mbili?
Ndiyo.
Mtunza bustani husali kwa Wakatoliki?
Ndiyo, na nyasi anazikata vizuri.
Basi, tarumbeta ina itikadi gani?
Watu wakacheka.
Mwalimu mkuu hakucheka, na kwa hilo namheshimu. Alisema:
"Hatufundishi masomo tu, tunafundisha kuishi.
Mkituchagulia wa kufundisha,
mmeanza kutuchagulia wa kuabudu."

Nilimwelewa. Babu wa babu yangu alivuka bahari
kwa kuwa mfalme wa Prussia alitia mkono madhabahuni
akawaandikia watu sala.
Miezi minne ya biskuti zenye funza,
watoto wawili wakazikwa majini,
ili asiwepo tena afisa wa kuwaambia waombeje.
Hayo tuliyanyonya pamoja na maziwa.

Lakini Thekla naye ni wa merikebu ile ile.
Nitschke: jiwe la msingi, mstari wa tatu, nenda ukasome.
Waliikimbia fimbo,
na fimbo wakaja nayo.

Sheria, tuliambiwa, ina mlango wa pembeni kwa ajili yetu:
usimbague mtu kazini, isipokuwa.
Nimelisoma hilo isipokuwa hadi likanipotea maana,
kama jina lako ukilitamka mara mia.
Komeo lake liko upande gani?
Na mishahara yetu, sehemu kubwa, hutoka serikalini,
ambako Romola Vance, nesi wa zamu ya usiku,
hukatwa kodi kila wiki mbili,
bila isipokuwa.

Uamuzi bado. Walisema Novemba, wakasema Machi.

Pasaka alfajiri tulikwenda makaburini, kama desturi,
watoto kumi na wawili na shaba zao, vidole ganzi.
Mwalimu mpya alikuwa na mafua.
Nikamshikia karatasi Lorenz, kijana wa akina Obst,
tarumbeta pana kuliko kifua chake,
na katikati ya wimbo, juu ya noti ndefu,
kwa penseli, mwandiko niujuao:
pumua hapa.
Akapumua. Wote wakapumua.
Mimi niliyeshika karatasi
ndiye niliyeshindwa.

Jumanne nilirudi ofisini.
Fomu ya mwalimu mpya ilikuwa mezani, imejazwa yote
isipokuwa kisanduku cha tisa.

Sijamkumbusha.